Wasia wa Mama Usomwapo Funyula

Ziko sifa ambazo watu huzitoa kwa wepesi kwa sababu hapana anayethubutu kuzikanusha. Mojawapo ni ile isemayo kwamba mama ni mwalimu wa kwanza, tena mkuu kuliko walimu wote. Mwanafunzi akipewa insha juu ya mama, sentensi hiyo humjia kalamuni kabla wino haujakauka katika anwani. Na mwalimu aisomapo huipita bila ya kuitia alama nyekundu, maana naye ana mama. Lakini sifa isiyochunguzwa haimwongezei heshima anayesifiwa. Mwalimu wa shule huulizwa amefundisha nini, kwa njia gani, na kama aliyoyafundisha yalikuwa ya kweli. Mama, ambaye twasema ni mkuu kuliko huyo, haulizwi hata moja katika hayo. Katika kurasa hizi nataka tumuulize, kwa adabu ipasayo, na tumuulize kwa njia ya vitabu. Kwa kuwa mama wa kila mmoja wetu ni siri ya nyumba yake, lakini mama aliyeandikwa ni mali ya wasomaji wote.

Nianze na mahali. Funyula ni mji mdogo wa soko katika nchi ya Wasamia, magharibi mwa Kenya, karibu na mpaka wa Uganda. Pana vilima vya Samia, ambavyo mawe yake yalitoa chuma, na wahunzi wa Kisamia walisifika kwa majembe yao kabla majembe ya dukani hayajaja. Kisha nchi yateremka kuelekea Mto Sio na Ziwa Victoria. Hadi mwaka 1902 sehemu hizi zilihesabiwa kuwa za Uganda. Mwaka huo serikali ya Kiingereza ililitoa jimbo la mashariki la Uganda ikalitia katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya, na Wasamia wakajikuta pande mbili za mpaka, ndugu huku na ndugu kule. Katika nchi kama hiyo mtoto hujifunza lugha kadha wa kadha kabla ya kubalehe. Kiswahili hukipata sokoni na kule Busia mpakani. Kiingereza hukipata shuleni. Kijaluo huenda akakipata kwa jirani au kwa wavuvi. Lakini Kisamia hukipata kwa mama, mgongoni na jikoni, pasipo kitabu na pasipo kengele ya somo.

Hapo pana jambo la kuzingatia. Mwalimu wa hesabu humkuta mtoto amekwisha kuwa na ulimi wa kubisha. Mama ndiye aliyempa ulimi huo. Mafunzo yake huingia kabla mtoto hajajua kuuliza. Hii ndiyo sababu ya nguvu zake, nayo, kama tutakavyoona, ndiyo hatari yake.

Nchi ya Funyula inao mfano unaojulikana na wengi. Kasisi Jeremiah Awori alikuwa miongoni mwa Waafrika waliotangulia kupata ukasisi wa Kianglikana katika sehemu hizi. Mkewe, Mariamu Odongo Awori, alikuwa muuguzi na mwalimu wa watu wa jamii yake. Walijaliwa watoto wengi, zaidi ya kumi. Mmoja, Moody Awori, aliwakilisha Funyula Bungeni kwa muda mrefu, na mwaka 2003 akawa Makamu wa Rais wa Kenya. Mwingine, Aggrey Awori, alikimbia mbio za viunzi kwa jina la Uganda katika Michezo ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960, akagombea urais wa Uganda mwaka 2001, akafariki mwaka 2021. Binti yao, Mary Okelo, alipanda daraja katika kazi ya benki ambayo wakati huo ilikuwa ya wanaume, akashiriki kuasisi shirika la kuwakopesha wanawake fedha, na akaanzisha shule za Makini jijini Nairobi. Watoto wa tumbo moja wakayatumikia mataifa mawili! Mtu hawezi kujizuia kuuliza mama huyo aliwafundisha nini. Moody Awori alitoa kitabu cha maisha yake mwaka 2017, kiitwacho Riding on a Tiger. Lakini hata kitabu kama hicho ni ushahidi wa mwana, na mwana aandikapo juu ya mama huandika akiwa amekwisha kushiba mapenzi yake. Mwanafunzi ndiye aliyeshika kalamu. Hali ni hiyo hiyo karibu kila mahali: mama hufundisha, mtoto huandika, na sisi twasoma hadithi ya upande mmoja.

Basi tukitaka kumsikia mama mwenyewe yatupasa kusafiri, kutoka ziwani hadi baharini, tuivuke Kenya nzima mpaka visiwa vya Lamu. Kwa kuwa huko alikuwako mama mmoja aliyeyatunga mafunzo yake mwenyewe yakabaki.

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mtu wa Pate. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji ulio katika kisiwa hicho hicho. Mumewe hakuwa mtu wa kupuuzwa: katika miaka ya 1840 Siyu iliyarudisha nyuma majeshi ya Sayyid Said wa Zanzibar, mfalme mwenye merikebu na mizinga. Baada ya Bwana Mataka kufariki, mjane huyu alishikwa na maradhi yaliyomkalia muda wa mwaka mzima, na mwaka 1858 akamtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa beti mia moja na kitu. Yapata miaka miwili baadaye alifariki. Utendi huo uliandikwa kwa herufi za Kiarabu na kwa lugha ya Lamu, ukanakiliwa mkono kwa mkono, hata Alice Werner na William Hichens walipoutia katika kitabu mwaka 1934, na J. W. T. Allen akauingiza tena katika mkusanyo wake wa tendi mwaka 1971. Kwa muda mrefu umekuwa ukisomwa kama kitabu cha mafunzo ya mke mwema, na kwa sababu hiyo wengine wameupenda na wengine wameuchukia, aghalabu pasipo kuusoma hadi mwisho.

Utazame mwanzo wake. Mama amwita binti ajongee karibu. Amwambia kwamba ugonjwa umemzuia mwaka mzima asipate kumpa neno jema. Sasa aje, akae, na aje na wino na karatasi. Amri hizi ni ndogo, na msomaji mwenye haraka huziruka ili afike penye mambo ya mume. Mimi naona kwamba hapo ndipo pa kusimama. Kabla ya kuagizwa amtii mume, kabla ya kuagizwa afagie au apike, msichana huyu ameagizwa atwae wino. Maana yake ni kwamba alijua kuandika, na kwamba mama yake aliliona jambo hilo kuwa la kawaida, lisilohitaji maelezo. Wengi wetu hudhani kwamba mwanamke wa pwani katika karne ya 19 alikaa gizani mpaka shule za wageni zilipokuja. Na hawa hapa, mama atungaye na binti aandikaye, katika chumba kimoja, miaka mingi kabla gari la moshi halijafika ziwani. Nathubutu kusema kwamba amri ya wino ni kubwa kuliko amri zote zinazofuata. Zile nyingine binti angeweza kuzisikia na kuzisahau. Hii ilimfanya kuwa mlinzi wa maneno, na mlinzi aweza kuyarudia maneno, akayapima, akaona kwamba hili lafaa na hili halifai.

Kisha mama atoa mifano miwili ya mafunzo yake. Asema ni hirizi, ya kufungwa vizuri kwa uzi. Tena asema ni kidani cha lulu na marijani atakachomvika bintiye shingoni. Hirizi ni kinga na kidani ni pambo. Wako washairi ambao wangelichagua mmoja kati ya mifano hiyo; huyu aliitaka yote miwili, na nadhani alijua alitendalo. Mafunzo yaliyo kinga tu humfanya mtoto awe mwoga, na yaliyo pambo tu humfanya awe mwenye majivuno. Msichana wa Funyula ambaye hajapata kuona marijani hatapata taabu kufahamu, maana shanga ziko kila mahali, na shingo ni shingo.

Yafuata mafundisho yenyewe. Binadamu, asema mama, ana watu wa kuwaridhi; naye awataja kwa daraja: Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Tazama kwamba mwalimu huyu ajiweka mahali pa nne, wala hajipigii makofi. Halafu mume, aliyetajwa wa mwisho, apewa sehemu kubwa kuliko wote. Siku ya kiyama mke atategemea radhi yake. Nyumbani mke aweke usafi; mume akilala asiamshwe kwa kelele, bali apepewe; mke ajipambe kwa wanja na hina na manukato; asitoke nje ila kwa ruhusa, na akitoka asikawie. Na katikati ya hayo liko neno ambalo wachambuzi wamelitafuna sana: mke amtunze mume kama mtoto ambaye hajajua kusema.

Wako wasemao kwamba neno hilo lauvunja utendi wote. Kwa maana, wasema, ikiwa mume ni mtoto asiyejua kusema, basi ni nani aliye mtu mzima katika nyumba ile? Mama, kwa maoni yao, amfundisha binti jinsi ya kutawala huku akionekana ametawaliwa. Juu pana utii na chini pana werevu. Hoja hii ni nzuri na ina ladha, nami naikubali nusu. Hapana shaka kwamba mjane wa mtawala wa Siyu, aliyeona vita na fitina, hakuwa mjinga wa mambo ya utawala. Lakini siwezi kuikubali yote. Mama anayezungumza na Mungu wake, akiwa mgonjwa, na mbele ya binti ampendaye, hana sababu ya kusema kwa mafumbo matupu. Asema mke atii, na ni kweli alitaka atii. Akili za mwanamke zimo katika utendi. Uhuru wake haumo. Tusimsaidie mtunzi kwa kumsingizia mawazo yetu.

Liko jambo jingine ambalo wanaousifu utendi hulipita kimya. Mwana Kupona amwonya bintiye asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Ubeti huo ni mfupi, nao umesemwa kwa sauti ile ile ya upole iliyomwita binti ajongee. Utumwa katika pwani ya Kenya uliondolewa na sheria mwaka 1907, karibu miaka 50 baada ya utendi kutungwa. Na katika miaka hiyo yote ni watoto wangapi wa nyumba za mawe waliofundishwa na mama zao, kwa mapenzi na kwa uchaji wa Mungu, kwamba yule anayewachotea maji si mtu wa kukaa naye? Mama hakuibuni dharau hiyo. Aliipokea, akaipitisha, kama alivyopokea na kupitisha sala na usafi. Na hili ndilo litishalo katika mafunzo ya mama: ulimi ni ule ule, mkono ni ule ule, wema na ubaya hutoka katika chungu kimoja, na mtoto hana ungo wa kuvitenga.

Nisisitize hapa, maana ndipo penye uzito. Mwanafunzi wa Funyula aweza kusema kwamba mambo haya ni ya Waislamu wa pwani na ya zamani, hayamhusu. Kweli, sheria ya kutotoka nje ingemfanya mwanamke wa Samia afe njaa: shamba la muhogo liko nje, maji yako nje, soko la samaki liko nje. Utendi ni wa waungwana wenye watumishi. Lakini kila nchi ina ubeti wake wa namna hiyo, usioandikwa. Mama aweza kumfundisha mwanawe wa kiume kwamba jiko halimhusu, naye akaamini mpaka uzee. Aweza kumwambia binti wa kidato cha pili kwamba mposaji amekuja, kwamba ana ng'ombe au ana duka mpakani, na kwamba masomo yaweza kungoja. Atamwambia kwa mapenzi. Naye mwenyewe huenda aliambiwa hivyo na mama yake. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 yasema kwamba hapana ndoa kabla ya miaka 18. Walakini sheria hukaa Nairobi, na sauti ya mama hukaa sikioni. Msichana aliyefundishwa kwamba mapenzi ya mama ni dalili ya ukweli hana jibu siku hiyo. Yule aliyefundishwa kuyatenga mapenzi na hoja aweza kujibu, tena kwa heshima: mama, mapenzi yako nayakubali, neno hili silikubali.

Kwa nini basi utendi huu usitupwe? Kwa sababu haukuishia katika mume. Mama amwagiza binti awe na adabu na ulimi mwema, aingie kwa watu kwa uso wa furaha, awapende na kuwasaidia wenye dhiki, ajiepushe na wapumbavu. Tena atoa ushahidi wa maisha yake mwenyewe: aeleza jinsi alivyokaa na mumewe pasipo ugomvi, hata mauti yalipomfikia mume alimpa mkewe radhi. Mwalimu huyu hakufundisha asilolifanya. Na baadaye, katika sehemu ambayo kwangu ni bora kuliko zote, auweka kando ufundishaji akaanza kuomba: kwa ajili ya wanawe, kwa ajili ya jamaa zake, kwa ajili ya afya yake iliyoharibika. Mwalimu wa shule hana saa kama hiyo katika ratiba yake. Aliyekuwa akiamrisha sasa anyosha mikono mitupu, na binti, mwenye kalamu, ayaandika hayo pia.

Shaaban Robert wa Tanga, aliyefiwa na mkewe Amina, alimtungia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Mtu akizisoma tungo hizo baada ya utendi wa Mwana Kupona aona kwamba baba amekaa katika kiti cha mama, na kwamba kiti hicho kina umbo lake: yeyote akaliaye hulazimika kusema kwa upole. Lakini Shaaban Robert alikuwa fundi wa maneno, na wakati mwingine ufundi wake husikika kabla ya ubaba wake. Katika Mwana Kupona sisikii ufundi kwanza. Nasikia pumzi ya mgonjwa.

Turudi kwa akina mama ambao hawakuandika, maana hao ndio wengi, na Funyula ina wengi zaidi wa hao. Vitabu viwili vya watu wa Kenya vyatusaidia kuona jinsi wanavyofundisha. Cha kwanza ni Unbowed, alichokitoa Wangari Maathai mwaka 2006. Aeleza kwamba alipokuwa mdogo, katika kijiji cha Ihithe huko Nyeri, kaka yake Nderitu alimwuliza mama kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama akafikiri, akaona hapana sababu ya kumzuia. Katika nyakati zile wasichana wengi walizuiwa pasipo sababu kutafutwa. Mama huyu aliitafuta, hakuiona, akafuata lile aliloliona. Hakusema hotuba yoyote juu ya haki za wanawake. Ni somo fupi kuliko ubeti mmoja, na ulimwengu mzima ukalipata faida yake.

Mama huyo huyo alimpa bintiye kishamba kidogo alime mwenyewe, akamfundisha kwamba mvua ikinyesha mtu asikae bure, apande kitu. Tena alimkataza kuokota kuni katika mti wa mugumo, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Karibu na mti huo palikuwa na kijito, na mtoto alipenda kucheza na mayai ya vyura yaliyofanana na ushanga, akijaribu kuyavaa shingoni. Yakamkatikia kila mara. (Kidani hicho hakikuwa cha lulu wala marijani, lakini nashuku kwamba hakikuwa na thamani ndogo.) Miaka ikapita, Wangari akasoma elimu ya viumbe Marekani, akarudi, akakuta mti umekatwa na kijito kimekauka, akafahamu kwamba mizizi ya mugumo ndiyo iliyoishika ardhi na kuyapa maji njia. Mwaka 1977 alianzisha kazi ya kupanda miti, na mwaka 2004 akapewa Nishani ya Nobel ya Amani huko Oslo. Je, mama alifundisha kweli? Katazo lilikuwa la kweli. Sababu aliyoitoa haikuwa ile ya elimu ya viumbe. Binti hakulitupa katazo kwa kuwa sababu yake ni ya zamani, wala hakuikariri sababu kwa kuwa ni ya mama. Alilipeleka somo shuleni akalipima. Na lau angalipelekewa ubeti wa Mwana Kupona juu ya watumwa, kipimo hicho hicho kingaliuangusha.

Kitabu cha pili ni Dreams in a Time of War, cha Ngũgĩ wa Thiong'o, kilichotoka mwaka 2010. Mama yake, Wanjikũ, wa nchi ya Limuru, hakujua kusoma wala kuandika. Alimwuliza mwanawe kama angependa kwenda shule, na mtoto alipokubali wakafanya mapatano kwamba atajitahidi siku zote, hata njaa ikiwapo. Tangu hapo kila mtoto aliporudi na matokeo, mama alimwuliza kama huo ndio mwisho wa uwezo wake. Akauliza vivyo hivyo hata pale alama zilipokuwa kamili. Swali hili lanishangaza kila nilifikiriapo. Mama hakuweza kuipima kazi yenyewe, maana herufi zilikuwa fumbo kwake. Kwa hiyo alimpa mtoto mizani ajipime mwenyewe. Mwana Kupona aliacha majibu mia moja na kitu. Wanjikũ aliacha swali moja, na swali haliwezi kuzeeka kama majibu yanavyozeeka.

Lakini mhakiki asilewe. Maathai na Ngũgĩ waliandika walipokuwa wazee wenye sifa, na mtu aliyefanikiwa hupenda kuona kwamba njia yake ilianzia jikoni kwa mama. Wako watoto wengine waliopewa kishamba, na wengine walioulizwa swali lile lile, ambao hawakuandika vitabu, nasi hatuna ushahidi wao. Hatuwezi kujua mama gani alifundisha vibaya, kwa sababu watoto wa mama huyo ama hawana kalamu ama wana haya. Kwa upande huu utendi wa Pate una faida ambayo vitabu hivi viwili havina: kosa la mwalimu limo ndani yake, wazi, kwa maneno yake mwenyewe, halikufutwa na mwanafunzi mwenye shukrani.

Na ndivyo ilivyo shida ya Samia. Mafunzo ya mama zetu wa vilima vile yamo katika Kisamia, katika ngano za jioni na maonyo ya kisimani, katika namna ya kuukausha muhogo na kuuliza habari za mgeni. Wengi wa waliosoma huyakumbuka kwa Kiingereza, yakiwa yamekwisha kusafishwa kwa ajili ya wageni, kama uwanja uliofagiwa kabla ya arusi. Mwanafunzi atakaye kuyaandika na ayaandike kwa ulimi yalimosemwa, pamoja na yale yanayomwonea haya. Onyo juu ya jirani wa kabila jingine, na dharau juu ya mwanamke asiyezaa, yaandikwe mahali pake karibu na wimbo wa kumbembeleza mtoto. Kisha mtu mwingine aje ayahakiki.

Neno moja katika utendi wa Mwana Kupona limebaki, na msomaji wa Funyula atalitambua upesi kuliko msomaji wa London. Anapomsemesha bintiye, huyu mwanamke mgonjwa humwita mama. Wageni waliofasiri utendi huona hapo namna ya kubembeleza tu. Lakini magharibi mwa Kenya nako mtoto wa kike huitwa mama na mzazi wake mwenyewe, hasa akirithi jina la bibi. Mwalimu amwita mwanafunzi kwa cheo chake yeye mwalimu. Ajua kwamba somo litarudiwa na kinywa kingine, mbele ya mtoto mwingine, wala hatakuwapo kulisahihisha. Karibu na mwisho awageukia wanawake wote, awaomba wausome utendi, halafu ataja mwaka wa Hijra, 1275, kama mtu atiaye tarehe chini ya barua.